Ndizi na madafu vinaharibu dripu ya saratani ya ini?

Jumatatu iliyopita, saa tatu na nusu usiku, ujumbe uliingia kwenye simu yangu kutoka kwa msomaji wa Morogoro. Hapendi kutajwa jina, kwa hiyo nitamwita mama wa Morogoro. Baba mkwe wake, mzee wa miaka 61, ana saratani ya ini. Hospitali waliieleza familia kwamba siku hizi kuna dripu zinazoamsha kinga ya mwili ili ipambane na uvimbe yenyewe. Ni ghali mno, na ndugu wameshaanza kuzungumza habari ya kuuza shamba.

Kabla hata mnunuzi hajapatikana, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ikarushwa sauti ya dakika nne. Mwanamume asiyejitaja anaeleza, kwa kujiamini kabisa, kwamba wanasayansi wa Marekani wamegundua potasiamu inalemaza askari wa kinga ya mwili, na kwamba mgonjwa wa saratani anayekula ndizi, madafu, maharage au parachichi anamwaga pesa ya dripu chooni. Shangazi mmoja aliisikiliza mara mbili, akatoa amri. Tangu siku hiyo mzee anakunywa uji mweupe na chai ya rangi tu. Wiki mbili sasa.

"Dada, amekonda mpaka pete inamvuka kidoleni," aliniandikia. "Hii habari ni ya kweli au tunamuua mzee kwa njaa?"

Nilimjibu usiku uleule, kwa kifupi: mrudishieni chakula chake, na asubuhi mpigieni daktari wake. Kisha nikaomba anitumie ile sauti, nikakaa nayo siku tatu. Kinachonikera ni kwamba si uongo mtupu. Ingekuwa uongo mtupu ningeipuuza. Mtu huyu amechukua utafiti wa kweli, tena mzuri, akaunganisha na sahani ya mzee ambayo utafiti huo haukuigusa kabisa. Kwa hiyo wiki hii naomba tuufuate utafiti wenyewe tangu mwanzo, kwa sababu ndani yake kuna jambo kubwa kuhusu kwa nini dripu hizi zinawasaidia wagonjwa wengine wa ini na kuwapita wengine.

Tuanze na pakiti ya ORS

Mzazi yeyote aliyewahi kuuguza mtoto wa kuharisha anaijua pakiti ya ORS. Igeuze usome nyuma. Utakuta sukari ya glukosi, na utakuta sodiamu kloraidi na potasiamu kloraidi. Hizo mbili ni chumvi. Chumvi ikiyeyuka kwenye maji haibaki nzima, inagawanyika kuwa chembe ndogo zenye chaji ya umeme, nyingine chanya na nyingine hasi. Chembe hizo ndizo huitwa ioni. Sodiamu, potasiamu, kalsiamu na kloraidi zinaogelea mwilini mwako sasa hivi unaposoma.

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, na ioni haiwezi kupenya mafuta. Ili ipite lazima kuwe na mlango, yaani protini iliyojipachika kwenye utando ikiwa na tundu katikati. Milango hii haijafunguka ovyo. Mwingine unafunguliwa na umeme, mwingine na kemikali, mwingine na joto, mwingine na kugandamizwa. Na kila mmoja unachagua nani apite. Mlango wa potasiamu unapitisha potasiamu kwa mamilioni kila sekunde huku ukiizuia sodiamu, ingawa ioni ya sodiamu ni ndogo kuliko ya potasiamu. Ni kama chujio linalopitisha maharage na kuzuia mchele. Jambo hilo liliwaumiza vichwa wataalamu kwa miongo mingi, mpaka mwaka 1998 Roderick MacKinnon wa Marekani alipoonesha umbo la mlango huo. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo.

Usidhani ni mambo ya maabara tu. Sindano ya ganzi ya kung'olea jino inafanya kazi kwa kufunga milango ya sodiamu kwenye mishipa ya fahamu. Amlodipini, dawa ya presha ambayo huenda bibi yako anameza kila siku, inafunga milango ya kalsiamu kwenye kuta za mishipa ya damu. Pilipili inawasha kwa sababu inafungua mlango mmoja ulioko kwenye neva za ulimi, mlango uleule unaofunguliwa na joto kali. Ubongo unadhani umeungua.

Askari anahitaji mlango

Sasa twende kwenye kinga. Miongoni mwa askari wa mwili, wanaohusika zaidi na saratani ni seli T. Seli T inazunguka inakagua seli nyingine. Ikikuta isiyoieleweka, inapaswa kuamka, kuzaliana na kushambulia. Ishara kubwa ya kuamka ni kalsiamu. Mlango unafunguka, kalsiamu inamiminika ndani, na seli inaanza kuwasha vinasaba vya vita.

Mlango huo unaitwa Orai1. Jina limetolewa kwenye hadithi za Wagiriki wa kale, ambamo Orai ni mabawabu wa malango ya mbinguni. Ulitambuliwa mwaka 2006 kwa msaada wa familia ambayo watoto wake walizaliwa bila kinga inayofanya kazi. Ukihesabu seli T za watoto wa namna hiyo unazikuta zipo, tena za kutosha. Ila zikiitwa haziitikii, kwa sababu mlango wa kalsiamu una hitilafu, na maambukizi ambayo kwa mtoto mwingine yangepita kwa siku chache kwao yanakuwa hatari ya maisha. Sijawahi kukutana na mfano unaoonesha wazi zaidi kwamba idadi ya askari si kitu kama milango yao haifunguki.

Na mlango wa kalsiamu peke yake hautoshi. Kila ioni ya kalsiamu inayoingia inaleta chaji chanya ndani. Chaji ikijazana, nyingine inasukumwa isiingie. Fikiria daladala ya saa kumi na mbili jioni: wa ndani wasiposhuka, wa kituoni hawapandi. Anayeshuka hapa ni potasiamu. Seli T ina milango miwili mikuu ya kumtoa, inayojulikana kwa majina ya Kv1.3 na KCa3.1. Potasiamu inatoka, nafasi ya umeme inapatikana, kalsiamu inaendelea kuingia.

Hapo ndipo sauti ya WhatsApp ilipodokolea habari yake.

Ndani ya uvimbe

Seli hai inahifadhi potasiamu nyingi sana tumboni mwake, takriban mara 30 ya iliyoko kwenye damu. Uvimbe wa saratani unakua haraka kuliko mishipa inayoulisha, kwa hiyo katikati yake seli nyingi hufa kwa kukosa hewa na chakula. Zikifa zinapasuka, na potasiamu yote iliyokuwa ndani inamwagika pale pale.

Mwaka 2016, Robert Eil, Nicholas Restifo na wenzao wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walichapisha matokeo yao katika jarida la Nature. Walipima maji yaliyo kati ya seli za uvimbe wakakuta potasiamu imepanda mara kadhaa kuliko ya kwenye damu. Seli T zilizoingia humo zilijaa potasiamu ndani yake, na amri za kushambulia zikapoteza nguvu. Askari amefika uwanjani, anamwona adui, mkono hauinuki. Watafiti wale wakazitengeneza seli T zilizoongezewa milango ya Kv1.3 ili potasiamu ipate pa kutokea. Seli hizo zilipata nguvu tena, na panya waliokuwa na saratani ya ngozi aina ya melanoma waliishi muda mrefu zaidi.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Panya. Saratani ya ngozi. Potasiamu iliyomwagika kutoka kwa seli zilizokufa ndani ya uvimbe. Hakuna panya aliyepewa ndizi, wala hakuna mzee aliyenyimwa dafu.

Na kuna sehemu ya pili ya hadithi ambayo yule bwana wa sauti ama hakuisoma ama aliona itamharibia. Mwaka 2019 kundi hilohilo la Restifo lilichapisha kazi nyingine, safari hii katika jarida la Science. Waligundua kwamba potasiamu ileile inayozizuia seli T kushambulia inazifanya pia zisizeeke haraka. Zinabaki changa, zenye uwezo wa kuzaliana. Walipozikuza seli T maabara kwenye potasiamu nyingi kisha wakazirudisha kwa panya wenye saratani, zilifanya kazi vizuri zaidi. Kwa hiyo hata ndani ya utafiti wenyewe, potasiamu si adui wala si rafiki. Inategemea iko wapi na kwa wakati gani.

Ini lina mambo yake

Mpaka hapa nimezungumzia uvimbe kwa ujumla. Ini lina tabia ambazo viungo vingine havina.

Kwanza, damu yote inayotoka kwenye utumbo inapita kwenye ini kabla ya kwenda kwingine. Kila siku ini linapokea mabaki ya chakula na ya bakteria. Kama kinga ingekuwa inapaniki kwa kila kitu kigeni pale, tungekuwa na homa kila baada ya mlo. Kwa hiyo ini limezoea kuwatuliza askari. Utulivu huo ni mzuri siku za kawaida, na saratani inauchukulia kama mwavuli wa kujificha.

Pili, saratani ya ini mara nyingi haioti kwenye ini zima. Inaota kwenye ini lililojaa makovu ya miaka mingi, yaani sirosisi, kutokana na virusi vya homa ya ini B au C, pombe, au mafuta. Ini lenye makovu linakuwa gumu. Na ugumu, amini usiamini, unasikika kupitia milango ya ioni. Mwaka 2010, Ardem Patapoutian na wenzake huko California walitangaza mlango unaoitwa PIEZO1, ambao unafunguka seli ikibanwa na kuingiza kalsiamu. Mwaka 2021 Patapoutian aligawana Nobel ya Tiba na David Julius, ambaye ndiye aliyeugundua mlango wa pilipili niliowatajia juu. PIEZO1 upo kwenye seli za ini, upo kwenye mishipa yake ya damu, na upo kwenye seli za kinga pia. Watafiti wanataka kujua ini gumu linawaambia nini askari wanaoingia humo.

Tatu, seli za saratani zenyewe nazo zina milango, na baadhi zinaitumia kukua. Watafiti wa Mexico walionesha mwaka 2015 kwamba mlango wa potasiamu unaoitwa Eag1 unajitokeza mapema kwenye ini la panya linaloelekea kupata saratani, na kwamba astemizoli, dawa ya zamani ya mzio inayoufunga mlango huo, ilipunguza saratani kwa panya hao. Nilipoisoma kwa mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Dawa ya mafua ya mzio! Kisha nikakumbuka kwa nini astemizoli iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1999: ilikuwa inafunga pia mlango wa potasiamu wa kwenye moyo, na mapigo ya watu wengine yakavurugika hadi kifo. Milango ya moyo na ya uvimbe ni ndugu. Ukimpiga mmoja unaweza kumjeruhi mwingine. Ndiyo maana dawa za milango hii kwa ajili ya saratani zinatembea polepole, na ndiyo maana nakuomba usikubali mtu akuuzie kidonge chochote cha "kufungua milango ya kinga".

Dripu yenyewe inafanya nini

Seli T ina breki. Bila breki ingeshambulia hata viungo vyetu. Saratani imejifunza kukanyaga breki hizo. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walizigundua njia za kuziachia, wakapewa Nobel ya Tiba mwaka 2018. Tiba iliyozaliwa hapo ndiyo tiba ya kinga, imunotherapi.

Kwa saratani ya ini iliyosambaa, kwa miaka mingi hapakuwa na dawa ya maana. Mwaka 2007 kikaja kidonge cha sorafenibu. Mwaka 2020 yakatoka majibu ya jaribio la wagonjwa 501 lililolinganisha kidonge hicho na dripu mbili zinazotolewa pamoja: atezolizumabu, inayoachia breki, na bevacizumabu, inayobana mishipa ya damu ya uvimbe. Wagonjwa walipofuatiliwa zaidi, nusu ya waliopata dripu walikuwa wameishi zaidi ya miezi 19, wakati kwa waliomeza kidonge ilikuwa zaidi ya miezi 13. Kwa ugonjwa huu hayo ni mabadiliko makubwa. Lakini uvimbe ulipungua vya kutosha kupimika kwa wagonjwa 3 tu kati ya 10.

Saba je?

Hilo ndilo swali linalowarudisha watafiti kwenye milango. Ukiachia breki ya gari ambalo betri imekufa, gari haliondoki. Kundi moja la Cincinnati, Marekani, lilichunguza seli T za wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo likakuta milango yao ya KCa3.1 imelegea, na seli hizo zilishindwa kujipenyeza kwenye mazingira ya uvimbe. Baadaye, mwaka 2020, walionesha kwamba kwa wagonjwa waliopata nafuu na dawa ya kuachia breki, milango ya potasiamu ya seli T zao ilichangamka baada ya dawa. Kwa wasiopata nafuu, haikuchangamka.

Ni saratani nyingine, si ya ini, na wagonjwa walikuwa wachache. Kwenye kliniki za ini hakuna kipimo cha milango kinachotumika kuchagua nani apewe dripu. Akikuambia mtu anacho, anakuibia. Ila mwelekeo unaeleweka: siku moja huenda daktari akapima kwanza kama askari wa mgonjwa wana milango mizima, kabla familia haijagusa shamba.

Kwa sasa wanachopima ni vitu vya kawaida zaidi, na mama wa Morogoro nilimwandikia avibebe kwenye karatasi. Jaribio lile liliwachukua wagonjwa ambao ini lao bado linafanya kazi vizuri licha ya uvimbe. Mwenye manjano machoni, maji mengi tumboni na kuchanganyikiwa si yule aliyejaribiwa, na miezi 19 ile si ahadi yake. Tena bevacizumabu inaweza kuleta kuvuja damu, kwa hiyo mgonjwa hupitishwa kamera kooni kwanza kuangalia mishipa iliyovimba kwenye umio. Muulizeni daktari: ini la mzee liko daraja gani? Kamera ameshapita? Tukianza, tutajuaje kama dripu inafanya kazi, na baada ya muda gani tutaacha kama haifanyi? Maswali haya si utovu wa heshima. Daktari mzuri atayafurahia, na shamba likishauzwa halirudi.

Sasa ile sahani

Potasiamu ya damuni haifuati ulichokula asubuhi. Figo zinaishika katika kiwango chembamba, kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita, na ya ziada inatoka kwenye mkojo. Ukila ndizi tatu, hazisafiri kwenda kujaza uvimbe. Potasiamu ya ndani ya uvimbe inatoka kwa seli zilizokufa hapo hapo, na ungeendelea kuikuta hata kama mzee angefunga mwezi mzima.

Kuna kundi moja ambalo kwao kupunguza potasiamu ni kweli. Wagonjwa wengi wa ini wenye maji tumboni hupewa spironolaktoni ili wakojoe maji hayo, na dawa hiyo inazuia potasiamu kutoka. Mwenye figo dhaifu naye yuko hapo. Kwao potasiamu ikipanda inatishia moyo. Lakini hilo linajulikana kwa kipimo cha damu, na anayetoa amri ni daktari aliyeona majibu, si shangazi aliyesikia sauti. Nasema hivyo kwa heshima zote kwa mashangazi. Wangu ndiye aliyenisomesha.

Njaa, kwa upande wake, inamuumiza mgonjwa wa ini haraka kuliko mtu mzima mwingine. Ini lenye makovu haliwezi kutunza akiba ya nguvu ya usiku mmoja. Ikifika alfajiri mwili umeanza kula misuli. Ndiyo maana miongozo ya lishe kwa wagonjwa hawa inasisitiza wale kidogo kidogo mara nyingi, wasikae na njaa muda mrefu, na wapate kitu kabla ya kulala. Protini nayo wanaihitaji zaidi ya mtu wa kawaida: mayai, samaki, maziwa, maharage.

Baba yangu mdogo alifariki kwa ugonjwa huu nikiwa mwaka wa pili chuoni. Tulimnyima nyama na mayai kwa sababu mtu alituambia protini inaamsha saratani. Nilikuwa nasoma shahada, nina intaneti mkononi, na sikuuliza. Sisemi angepona. Nasema miezi yake ya mwisho aliitumia akiomba supu.

Neno moja kuhusu karanga, maana najua wengi wenu mtakimbilia uji wa lishe. Karanga au mahindi yaliyoshika ukungu yana sumukuvu, ambayo yenyewe inasababisha saratani ya ini, na kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini B hatari inazidishwa, haijumlishwi tu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Kuipika hakuiondoi. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ladha chungu itupwe, isipewe mgonjwa wala mtoto, wala kuku.

Swali ambalo hakuuliza

Nilipomuuliza mama wa Morogoro chanzo cha saratani ya mzee, alisema kwenye karatasi wameandika homa ya ini B. Nikamuuliza mume wake amezaliwa lini. Mwaka 1988.

Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo, nami nimo, hawakuipata utotoni. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa virusi kubaki mwilini maisha yote ni karibu 9 kati ya 10. Mtu mzima akiambukizwa, kwa kawaida mwili unavifukuza. Virusi vinavyobaki havitoi dalili kwa miaka 20 au 30, huku ini likipata kovu juu ya kovu. Kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa wa saratani ya ini iliyotokana na virusi hivi ni nyumba ambayo mke wa mgonjwa, watoto wake na ndugu zake wanapaswa kupima. Kipimo ni cha damu. Asiye navyo achanjwe. Aliye navyo afuatiliwe na apewe dawa akihitaji, maana dawa zipo na zinapunguza hatari ya kufika alikofika baba yake. Virusi havienezwi kwa kula sahani moja wala kwa kushikana mikono, hivyo hakuna sababu ya kumtengea mzee kikombe.

Ninajua inasikika ndogo baada ya habari zote za milango na Nobel. Taiwan walianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na ndani ya miaka kumi saratani ya ini kwa watoto wenye umri wa kwenda shule ilikuwa imepungua kwa karibu nusu. Dripu ya breki haijafikia kitu kama hicho. Kadi ya kliniki ya mwanao ipo kabatini, nenda kaangalie kama sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zimejazwa zote.

Alhamisi mama wa Morogoro alinitumia picha. Sahani ya ndizi za kupika na samaki, nusu yake imeliwa. Daktari alikuwa amepima potasiamu ya mzee ikakutwa sawa, na kuhusu dripu amewaita familia nzima wiki ijayo. Chini ya picha aliandika kwamba mume wake anasema yeye ni mzima, hana haja ya kupima. Nikamwambia anipe namba yake.

Tumeongea dakika kumi na mbili. Amesema atakwenda Jumamosi, akitoka kazini. Jumapili nitampigia.